Shajara ya Mradi: Mjeledi na Kiboko katika Mchezo wa Misafara

Januari: Silaha iliyotukwamisha

Mchezo tunaouandika ni wa mezani, wa dadu, karatasi, penseli na msimulizi mmoja anayeiongoza hadithi. Nchi yake ni ya kubuni, lakini aliyesoma historia ya karne ya 19 ataitambua upesi, kwa kuwa njia zake zinafuata mfano wa zile zilizotoka Bagamoyo kwenda Tabora hadi Ujiji, na ndani yake wamo wapagazi, kirangozi anayetangulia na bendera, marobota ya nguo za kaniki na merikani, na pembe za ndovu, pamoja na majini na mazimwi. Sura ya silaha imekaribia kukamilika. Mkuki, upanga, rungu, upinde, jambia na gobori vimepata kanuni zake bila mabishano marefu. Mjeledi ndio uliobaki.

Mwenzetu mmoja anataka shujaa apigane kwa mjeledi mrefu, akiwapokonya maadui panga zao na kuwaangusha kwa mbali. Mwingine anataka tuufute kabisa, kwa hoja kwamba hakuna jeshi lililokwenda vitani likiutegemea. Nimepewa kazi ya kuchunguza na kuandika kanuni, na nimeamua kuifunga kazi yote kwenye swali moja: mtu aliyeshika mjeledi, akijiwa na mtu mwenye silaha aliyekusudia kumuua, ana nini hasa mkononi?

Februari: Michezo mingine ilivyoamua

Nimeanza na michezo inayojulikana, kwa sababu wachezaji wetu watakuja mezani na mazoea yao. Katika Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa namna ya huu wetu, toleo lililosahihishwa la mwaka 2003, mjeledi ulifika umbali wa futi 15, lakini haukumdhuru hata kidogo aliyevaa deraia, yaani vazi la vita la kukinga mwili, iwe nyepesi kiasi gani, wala mnyama mwenye ngozi ngumu. Aliyeuchagua aliuchagua kwa ajili ya kumwangusha adui au kumpokonya silaha. Toleo la mwaka 2014 liliondoa masharti hayo: mjeledi ukapewa dadu ya pande nne, sawa na kisu, ukafika futi 10, na deraia haikuuzuia zaidi ya inavyozuia silaha nyingine. Toleo la 2024 likaongeza kwamba aliyeuzoea vizuri anaweza kumpunguzia adui mwendo kila anapompiga.

Kwa upande wa michezo ya video, Castlevania ya kampuni ya Konami, iliyotoka mwaka 1986, ndiyo iliyowafundisha wengi kuuona mjeledi kuwa silaha ya shujaa. Nimeitazama tena kwa makini, na naona kwamba inafanikiwa kwa sababu ya umbo la uwanja wake: adui huja kwa mstari, kutoka mbele au nyuma, mchezaji hupima umbali, na mkono wa shujaa huchelewa kidogo kabla ya pigo kutoka, kiasi kwamba kila pigo linataka uamuzi. Kuchelewa huko ni kweli kabisa kwa mjeledi halisi, na nitakuchukua. Uwanja wa mstari mmoja siwezi kuuchukua, kwa kuwa wapiganaji wetu wako porini, na adui hutokea kichakani upande wowote.

Maoni yangu hadi hapa ni kwamba toleo la 2003 liliujua mjeledi kuliko lile la 2014, ila liliuacha ukiwa hauna mvuto kwa mchezaji wa kawaida.

Machi: Ncha

Mlio ndio unaowadanganya watu kuhusu nguvu za mjeledi. Mkono unapoutupa, hutokea kitanzi kinachokimbia kutoka mpinini kuelekea nchani, na kwa kuwa mjeledi uliosukwa vizuri huzidi kuwa mwembamba kadiri unavyoenda, nguvu ile ile iliyotoka begani hubebwa na uzito unaozidi kupungua, mwendo nao ukizidi kuongezeka, mpaka mwishoni ncha inaipita kasi ya sauti, ambayo hewani ni takriban mita 340 kwa sekunde. Tunachokisikia ni mshindo wa hewa inayosukumwa kwa kasi hiyo, wala si kamba kujigonga yenyewe. Mwaka 2002 Alain Goriely na Tyler McMillen walichapisha hesabu zinazoonyesha kwamba chanzo cha mshindo ni kitanzi chenyewe kinapofika mwisho wa safari yake.

Hata hivyo, kasi peke yake haimwangushi mtu. Tuseme uzi wa nchani una uzito wa sehemu mbili za kumi za gramu, nao unakwenda mita 350 kwa sekunde: nishati yake ni kama jouli 12. Kichwa cha rungu chenye gramu 600, kikija kwa mita 15 tu kwa sekunde, kina jouli 67 na ushei, na msukumo wake, yaani uzito ukizidishwa kwa mwendo, unaupita ule wa uzi zaidi ya mara 100. Rungu huvunja mfupa kwa sababu linaendelea kwenda baada ya kugusa, ilhali uzi wa mjeledi huchana ngozi na hapo hapo nguvu zake zikaisha.

Sikutaka kanuni isimame juu ya hesabu tu, kwa hiyo nilimwendea mzee mmoja, fundi wa ngozi, anayewatengenezea mijeledi wakulima wanaolima kwa maksai. Aliikata ngozi ya ng'ombe iliyoloweshwa kwa mzunguko, akianzia ukingoni na kuelekea katikati, ili apate kanda ndefu zisizo na kiungo, akazipaka mafuta, akazisuka nne pamoja karibu na mpini, na kuzipunguza kidogo kidogo mpaka ikabaki moja, ambayo mwisho wake aliufunga uzi wa katani. Ulipokauka tulisimamisha shina la mgomba uani. "Mwanangu, usiuvute kwa hasira," aliniambia, "utupe, kisha uuache uende wenyewe."

Pigo lililofika sawasawa liliacha kwenye shina tupu mchano mwembamba, wa kina cha ukucha, na maji ya mgomba yakachuruzika. Tulipolizungushia shina gunia lililokunjwa mara mbili, pigo la nguvu ile ile lilikata nyuzi chache za gunia, na tulipolifunua tukakuta chini yake alama hafifu ya kupapasa kwa kidole. Nilipokosea umbali kwa urefu wa mkono, mjeledi ulianguka kama kamba ya kuanikia nguo. Niliposogea karibu na shina, ulijizungusha tu pasipo kuuma.

Kisha mzee alishika fimbo yake ya kawaida, akaniambia nimzuie. Alikuja moja kwa moja, fimbo mbele. Niliutupa mjeledi, ukajizonga kwenye fimbo vizuri kabisa, jinsi mwenzetu mpenda shujaa anavyotaka uandikwe. Mzee aliudaka ugwe kwa mkono wa kushoto, akavuta, na baada ya hatua mbili ncha ya fimbo ilikuwa kifuani mwangu. "Haya, nani amemkamata nani?" aliuliza. Swali hilo limeingia katika rasimu ya kanuni karibu neno kwa neno.

Aprili na Mei: Waliouchukua mjeledi, na waliouacha

Nimetumia muda mrefu zaidi hapa kuliko nilivyopanga, na sijutii, kwa sababu hapa ndipo jibu lilipo.

Historia inayo mijeledi iliyopiga kwa uzito, na hiyo ni jamii nyingine. Katika vita vya Wahussite, wafuasi wa mhubiri Jan Hus, huko Bohemia (Ucheki ya leo), kati ya 1419 na 1434, wakulima walichukua fimbo zao za kupuria nafaka, zenye kipande cha mti kinachoning'inia kwa kiungo, wakazipigilia misumari na vyuma, na silaha hizo ziliwatikisa mashujaa waliovaa deraia. Kilichopiga pale ni gogo lililokuwa mwishoni. Kiungo kiliongeza mzunguko tu. Wapanda farasi wa nyika za Asia ya Kati na Urusi nao walikuwa na mijeledi mifupi, minene, mingine ikitiwa risasi nchani, ambayo kwayo waliwawinda mbwamwitu: farasi aliwakimbiza mpaka wakachoka, ndipo mpandaji akawapiga kichwani akiwa ameinama kutoka tandikoni. Hiyo ni silaha, lakini tuangalie masharti yake: farasi chini, mnyama aliyechoka, na uzito mwishoni. Silaha za namna hii nitaziandika katika ukurasa wa marungu.

Mjeledi mwepesi dhidi ya mwenye kinga unaonekana vizuri sana katika caci, mchezo wa Wamanggarai wa kisiwa cha Flores nchini Indonesia. Mmoja hushika mjeledi na mwingine ngao ya ngozi ya nyati pamoja na kinga ya kichwa; mwenye ngao hajibu, hujikinga tu, kisha wanabadilishana. Vijana wa Kifulani wa Afrika Magharibi katika mchezo wao wa sharo, na wa Jaaliyin wa Sudan katika harusi zao, husimama bila ngao na kuchapwa ili waonekane hawatikisiki. Katika mapambano yote hayo kinachopimwa ni uvumilivu, na mtu hurudi nyumbani na makovu anayoyaonea fahari. Mchezo wa namna hiyo kwa mikuki ungekuwa maziko kila wiki.

Herodotus, mwanahistoria wa Ugiriki ya kale, anasimulia katika kitabu chake cha nne kwamba Waskithi, wapanda farasi wa nyika, walirudi kwao baada ya miaka 28 ya vita vya mbali, wakakuta watoto waliozaliwa na wake zao na watumwa wamekuwa watu wazima na wamejipanga kuwazuia. Walipigana nao tena na tena bila kushinda, mpaka mmoja akashauri waweke chini mikuki na pinde na kila mtu achukue mjeledi wa farasi wake, kwa maana wakiona silaha vijana wale hujiona sawa na mabwana zao, lakini wakiona mjeledi watakumbuka kuwa wao ni watumwa. Inasemekana walikimbia. Hiyo ni hadithi ya mabwana, na imesimuliwa kwa faida ya mabwana. Mimi siamini kwamba vijana walioshinda mikuki walitoroka kamba. Lakini inaonyesha wazi kile ambacho wenye mijeledi waliamini wanacho mkononi: kumbukumbu ya mtu aliyewahi kupigwa akiwa hawezi kujibu.

Kutoka hapo nimerudi nyumbani, kwenye kiboko. Kilikatwa kutoka ngozi nene ya mnyama mwenye jina hilo, kikakaushwa na kunyooshwa, kikawa kigumu chenye kupinda kidogo. Hakilii hewani, huchana nyama. Katika Afrika Mashariki ya Wajerumani kilikuwa chombo cha kila siku cha utawala, kwa kodi, kwa kazi ya barabara na kwa kilimo cha pamba cha kulazimishwa. Agizo la Kansela la mwaka 1896 liliweka kikomo cha viboko 25 kwa mara moja, na hamsa ishirini ikabaki midomoni mwa wazee hata baada ya Wajerumani kuondoka. Katika Kongo ya Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, kati ya 1885 na 1908, ngozi ya mnyama yule yule ilitumika kwa kazi ile ile, kwa ajili ya mpira.

Mwezi Julai 1905 watu wa Nandete, katika vilima vya Umatumbi, waling'oa pamba, na vita vya Majimaji vikaanza. Nimeyasoma yaliyofuata nikitafuta jambo moja tu: mwenye kiboko alifanya nini siku aliposimamiwa na watu walioshika mikuki na magobori? Tarehe 30 Agosti 1905 wapiganaji waliishambulia boma ya Mahenge, na waliolinda boma waliwajibu kwa bunduki na bombomu, yaani bunduki za rashasha. Kiboko hakikuonekana. Chombo kilichotiisha vijiji vizima kwa miaka mingi hakikufaa kwa saa moja ya mapigano, na wenye nacho walilijua hilo kuliko mtu yeyote. Kiboko kilifanya kazi kwa sababu aliyechapwa aliiona bunduki nyuma ya aliyemchapa. Katika mwaka huo huo, kwenye miji ya Urusi, Makosaki, askari wapanda farasi wa mfalme, waliwatawanya waandamanaji kwa mijeledi yao ya farasi, na wao pia walikuwa na panga viunoni na bunduki migongoni.

Hilo ndilo jibu ninaloweza kulipeleka mezani. Mjeledi dhidi ya mwenye silaha ni chombo dhaifu chenye hila mbili au tatu. Mjeledi dhidi ya asiye na silaha ni chombo cha kutisha, na hatari yake inatoka kwa wale waliosimama nyuma ya anayeupiga. Mchezo unaoupa mjeledi dadu kubwa ya madhara na kuishia hapo umeacha sehemu yote iliyo muhimu.

Juni: Rasimu ya kanuni

Mjeledi mrefu sasa unafika umbali wa pima moja hadi mbili, pima ikiwa urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Adui akiwa ndani ya pima moja, haufai, na mwenye nao hana budi kurudi nyuma au kushika kitu kingine. Unahitaji uwazi juu na pembeni, kwa hiyo katika kichaka cha miiba, ndani ya nyumba au katikati ya wenzake mhusika hawezi kuutumia. Baada ya pigo, zamu moja hupita kabla haujawa tayari tena. Madhara yake ni alama moja ya uhai kwa mwenye mwili wazi, na hayapo kabisa kwa mwenye deraia, ngao au nguo nene. Hila ya kuzonga ipo: ukifaulu, mjeledi unakamata silaha au kiungo cha adui, kisha pande zote mbili zinarusha dadu za nguvu, na anayeshinda ndiye anayeamua nani avutwe kuelekea wapi. Mzee wa mgomba angeitambua kanuni hiyo.

Mlio nimeupa kanuni yake peke yake, kwa sababu ndiko mjeledi unakoonyesha ubora usio na mashaka. Mnyama anayeusikia kwa ghafla lazima apimwe ujasiri wake, na akishindwa hurudi nyuma. Punda wa msafara hupimwa pia, jambo ambalo litamfundisha mchezaji kufikiri kabla ya kuupiga karibu na mizigo.

Kuhusu kiboko, nimekiandika chini ya utawala wa msafara na nimekitoa katika orodha ya silaha. Dhidi ya mtu mwenye silaha kinahesabiwa kuwa fimbo fupi, basi. Mnyapara akimchapa mpagazi, msafara unapata utii wa siku hiyo, mwendo unaongezeka, na papo hapo msimulizi anaweka kete moja ya kinyongo katika bakuli lake, bila kuwaonyesha wachezaji bakuli lina ngapi. Kinyongo kikifika kiwango alichokiandika kwa siri, wapagazi wanatoroka usiku. Sikubuni hilo: wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa watu wa kazi ya ujira, wenye sifa na desturi zao, na msafara uliowatendea vibaya uliweza kuamka na kukuta mizigo imelala chini pasipo wabebaji.

Kwa mwenzetu aliyetaka shujaa, nimepata mlango ambao hauivunji hoja. Jini havai deraia na hana mfupa wa kuvunjwa, hivyo uzito wa rungu haumpati. Katika nchi ya kubuni tunaweza kusema kwamba kinachompata ni mshindo wenyewe. Basi mganga au mwanafunzi wake akiusomea mjeledi kwa dawa, mlio wake unamuumiza kiumbe asiye na mwili kwa dadu ya pande nane, huku kwa binadamu ukibaki na udhaifu wake wote. Nimependa hilo kuliko nilivyotarajia, kwa kuwa linamlazimu mchezaji kujua anapigana na nani kabla hajachagua alichoshika.

Julai: Kanuni mezani

Wachezaji waliojaribu rasimu hawakuambiwa lengo lake. Kijana mmoja alichagua mjeledi mara tu alipouona na akamjenga mhusika wake wote juu yake. Kwenye kivuko cha mto, chui aliponyemelea punda, aliupiga hewani, dadu ya ujasiri wa chui ikaanguka vibaya, na chui akaondoka. Meza nzima ilifurahi. Punda mmoja pia alishindwa kipimo chake akaingia majini na robota la merikani, na furaha ikapungua.

Rugaruga, wapiganaji wa kukodiwa wa enzi ya misafara, walipowavamia baadaye, wakiwa na mikuki na ngao, alijaribu kuzonga mkuki wa wa kwanza, akafaulu, kisha akashindwa dadu za nguvu na kuvutwa mbele ya mkuki wa wa pili. Aliutupa mjeledi chini bila kushauriwa na mtu, akaomba jambia la mwenzake. Alipoulizwa baadaye kama kanuni inamwonea, alisema hapana, ila alitaka ajue mapema kwamba anahitaji silaha ya pili. Nimeongeza sentensi hiyo mwanzoni mwa maelezo ya mjeledi, kwa herufi nzito.

Kiboko ndicho kilichozua mazungumzo marefu. Mchezaji aliyekuwa mnyapara alikitumia kila msafara ulipochelewa, na kwa muda matokeo yalimpendeza, kwa kuwa vijiji vilipitwa upesi na chakula kilitosha. Walipofika ukingoni mwa pori, msimulizi alitangaza kwamba kumekucha na nusu ya wapagazi hawapo. Mnyapara aliomba awafuate kwa bunduki. Wenzake walimkatalia, na ubishi wao kuhusu haki ya kumfuata mtu aliyekimbia kipigo uliendelea mpaka dadu zikasahauliwa. Msimulizi hakuwakatiza, na mimi nimeandika katika mwongozo wake kwamba asiwakatize.

Marekebisho yanayotokana na meza hiyo ni mawili. Kwanza, kinyongo hakifutwi kwa kugawa nguo au shanga. Kinapungua tu mnyapara anapoondolewa, au anapoketi na wakubwa wa wapagazi, shauri likasemwa na akalipa walichokubaliana. Pili, mhusika aliyewahi kuchapwa kiboko katika hadithi yake ya awali hapati adhabu yoyote ya woga mbele ya mwenye kiboko. Kanuni nyingi za michezo zingempa adhabu hiyo, kwa mantiki ya wale Waskithi. Sisi tunamwachia mchezaji mwenyewe aseme mhusika wake anafanya nini.

Yaliyobaki kabla ya sura kufungwa ni mkia uliokaushwa wa samaki aitwaye taa, unaotumika kuchapia, ambao utaingia katika ukurasa wa bandarini pamoja na kiboko na chini ya kanuni hizo hizo za kinyongo, na kipimo cha umbali kwa mwenye mjeledi aliyepanda punda. Mchoraji ameshapewa maelezo ya picha ya mhusika: mjeledi uliokunjwa begani, ngao mgongoni, na jambia mahali ambapo mkono wa kushoto unalifikia bila kutafuta.